Mjomba Aliyekataa Kulegea

Siosaia Vakalahi hakuwahi kumnyima dada yake kitu, na kwao hilo wala si sifa, ndivyo watu wanavyoishi. Kwa Watonga wa Euless, kama ilivyokuwa kwa wazazi wao kule visiwa vya Tonga, Bahari ya Pasifiki, kabla hawajaja Texas kupakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Dallas, dada ni mkubwa hata kama alizaliwa nyuma yako, na mtoto wa dada ni mkubwa zaidi. Mpwa akiingia kwa mjomba wake akaliona shati limetundikwa, akalipenda, shati limekwenda. Taniela, mtoto wa Losaline, alikuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele alipotangaza kwamba leo atalala kitandani kwa mjomba. Mjomba akachukua mto wake akaenda kwenye kochi, miguu ikining'inia nje.

Sasa Taniela alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na nchi nzima ilimjua. Alikuwa mtupaji wa timu ya chuo kikuu katika mpira wa Kimarekani, mwenye mkono ambao watangazaji waliishiwa maneno ya kuueleza. Mwezi wa nne klabu kubwa zingechagua vijana kutoka vyuoni, na klabu iliyoshika mkia ndiyo ingechagua kwanza. Hakuna aliyebishana kuhusu nani angekuwa wa kwanza.

Na waliokuwa wakishika mkia walikuwa Nge wa San Antonio, klabu ya mjomba wake.

Saia, kama wote walivyomwita, alikuwa ameichezea Nge kwa zaidi ya miaka kumi, katikati ya ukuta, wale watu watano wanaomkinga mtupaji. Kazi yake ilikuwa kuinama juu ya mpira, kuurudisha kwa mtupaji katikati ya miguu yake, kisha papo hapo kulizuia jitu lililo mbele yake lisimfikie mtupaji huyo. Ni kazi isiyoimbwa. Mtu wa katikati hutajwa redioni akikosea tu, na Saia alikuwa hajatajwa kwa muda mrefu. Mwaka ule Nge walikuwa wameshinda mchezo mmoja. Duluth, klabu ya mji wa baridi wa kaskazini, nao mmoja, na wakilingana Nge ndio wangechagua kwanza. Ilibaki mechi moja kwa kila klabu, na kila mtu San Antonio, kuanzia mwenye klabu mpaka wauza soda, alikuwa akiomba Mungu Nge wafungwe.

Krismasi Saia alikwenda Euless. Garejini wanaume walikuwa wamezunguka bakuli la kava, kinywaji cha mizizi cha kwao, wakiimba, ndani watoto wanakimbizana, na mama yao mzee, Kalolaine, amekaa kwenye kiti chake akimpapasa uso kila anayemsogelea, maana macho yalikuwa yamemwishia. Saia alikuwa jikoni anafungua majani ya lu, nyama iliyopikwa ndani ya majani ya magimbi, mvuke wa tui la nazi ukimpanda usoni, Losaline alipoingia akasimama mlangoni. Saia akainamisha macho. Mtu hamkodolei dada yake macho.

"Saia, nina neno."

"Sema, dada."

"Mama haoni tena. Lakini anasikia. Anataka akae uwanjani asikie watu wakiliita jina la mjukuu wake, hata mara moja, kabla Mungu hajamchukua. San Antonio ataweza kwenda. Tutamlaza kwenye kiti cha nyuma, tutafika. Duluth je? Duluth, Saia! Huko ziwa linaganda mpaka malori yanapita juu yake."

"Najua, dada."

"Mkifungwa Jumapili, mtoto anabaki Texas. Mkishinda, anakwenda kwenye barafu."

"Tuko wachezaji hamsini na zaidi."

"Lakini mpira wote unaanzia mikononi mwako. Sikwambii uibe. Sikwambii umuumize mtu. Nakwambia ulegee kidogo tu. Umesukuma miaka yote hiyo. Siku moja tu, ulegee."

Saia aliuweka mfuko mmoja wa lu kwenye sahani, akaufungua taratibu kana kwamba ndani mna kitu kingine zaidi ya nyama. "Nimesikia, dada," akasema.

Katika nyumba ile, neno hilo lilimaanisha ndiyo. Losaline alimshika bega akatoka, na baada ya muda mfupi Saia akamsikia akicheka sebuleni kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Jumatano meneja mkuu wa Nge, bwana mmoja aitwaye Kip Haldane, alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa tabasamu la haraka, mwenye viatu ambavyo havijawahi kukanyaga nyasi.

"Goti vipi, mkubwa?"

"Zima."

"Daktari ananiambia lina maji."

"Lina maji tangu nioe."

Haldane alicheka, kisha akaacha. "Sikia. Jumapili pumzika. Utasimama pembeni na koti zuri, tutalitaja jina lako kwenye vipaza sauti, watu watakupigia makofi. Utaagwa kwa heshima."

"Nikicheza wataniaga vilevile."

"Hunielewi."

"Nakuelewa, bwana. Ndiyo maana nakataa."

Haldane alivuta kiti akakaa karibu, magoti yao yakakaribia kugusana. "Hebu tuseme kama watu wazima. Sheria ya aliyeshika mkia kuchagua kwanza sikuitunga mimi. Imewekwa ili wanyonge wainuke. Mwenye akili anaitumia. Jumapili ukishinda unapata nini? Ushindi wa pili. Nani ataukumbuka? Ukishindwa, tunampata mpwa wako. Damu yako mwenyewe! Mji huu umelia muda mrefu, Saia. Mimi nautakia mema huu mji."

Saia alijua maneno yale hayakuwa ya kijinga. Alijikuta akimkumbuka Trent, mtupaji wao wa kwanza. Mwanzoni mwa Desemba, mwenzao mmoja kwenye ukuta, ambaye mawazo yake yalikuwa yameshakwenda likizo, alimwachia mtu apite. Hakudhamiria. Alilegea tu, kidogo tu. Saia alisikia bega la Trent likikatika nyuma yake, sauti kama ya tawi kavu, na Trent akiita jina la mama yake mbele ya watu elfu hamsini.

"Kazi yangu haina kulegea," alisema mwishoni. "Mimi nikilegea, mtu aliye nyuma yangu anavunjika. Nyinyi mnaotaka kushindwa, vaeni kofia ngumu mshuke uwanjani, mpigwe, mshindwe wenyewe. Mimi siwezi kushindwa kwa niaba yenu."

"Mkataba wako unaisha mwaka huu," Haldane alisema, bila tabasamu.

"Basi hata cha kunitishia huna."

Kesho yake asubuhi watu watano wa ukuta walikwenda kula taco za mayai, vile vichapati vya Kimeksiko, kwa Bi Ofelia, mkahawa mdogo wa barabara ya Flores. Alikuwepo pia Grady Stubblefield, mtupaji wa tatu, ambaye angecheza Jumapili kwa kuwa wa kwanza alikuwa ameumia na wa pili alikuwa ameambiwa ni mgonjwa. Grady alikuwa mtu wa Arkansas aliyezungukia klabu nyingi kiasi kwamba mkewe hakuwa akifungua masanduku yote.

"Mnajua kwa nini wamenipanga?" Grady aliuliza, mdomo umejaa. "Wametafuta nchi nzima mtu wa kushindwa, wakasema, jamani, mbona Grady yupo? Tena ana uzoefu."

Wote wakacheka, isipokuwa Saia.

Bi Ofelia alikuja kumimina kahawa. Alikuwa amevaa jezi ya Nge iliyopauka. "Wanangu," akasema, "Jumapili mtuhurumie. Fungweni vizuri. Marehemu mume wangu alikufa akingoja mtupaji wa maana."

"Aisee, mama, mtupaji wa maana si ndiye huyu hapa?" mmoja akamwonyesha Grady.

"Huyu? Huyu nampenda, lakini huyu hata chumvi akikurushia haifiki."

Kicheko kikapanda tena. Saia akasubiri kipungue. "Mama Ofelia, nikuulize. Ukiambiwa kesho upike vibaya makusudi, ili mwakani upewe jiko jipya, utapika?"

Mama yule alimtazama, birika mkononi. "Vibaya kivipi?"

"Vibaya. Mtu ale aumwe tumbo."

"Nife kwanza."

"Basi."

Bi Ofelia akaenda zake jikoni akinong'ona na nafsi yake kwa Kihispania. Saia akawageukia wenzake. "Sina hotuba. Jumapili mimi nasukuma. Asiyetaka kusukuma aniambie leo, nijue upande upi hauna mtu."

Wanne wale wakagonga vikombe vyao mezani. Grady alifuta mdomo. "Kwa kuwa mimi ndiye ninayesimama nyuma yenu," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "nawashukuru."

Ilibaki Euless. Jumamosi jioni Saia alikaa ndani ya gari lake nje ya nyumba yake, akampigia dada yake. Alikuwa ameyapanga maneno, lakini sauti ya Losaline ilipoingia yote yakamtoroka.

"Dada. Lile neno la siku ile. Siwezi."

Kwa mbali alisikia sahani zikioshwa.

"Ulisema umesikia."

"Nilisikia. Nilikosa kukwambia palepale, hilo kosa langu. Lakini siwezi."

"Saia, mimi sijakuomba chochote tangu baba afe."

"Niombe kingine. Niombe nyumba, chukua. Niombe nije nikae Euless nimbebe mama mgongoni mpaka Duluth kwa miguu, nitambeba. Hilo tu siwezi."

"Watu wakisikia kaka yangu amenikatalia, nitaficha wapi uso?"

"Waambie ni mimi niliyekosa adabu. Na ni kweli."

Losaline alikata simu. Saia, mtu wa kilo mia moja na arobaini, alibaki ndani ya gari mpaka taa za nyumbani kwake zikazimwa.

Jumapili uwanja ulijaa kuliko siku yoyote ya msimu ule, na si kwa mapenzi. Walikuja kuona kushindwa. Kulikuwa na mabango yenye picha ya Taniela amevaa taji. Mzee mmoja alishika bango lililoandikwa: MKITUPENDA, FUNGWENI. Duluth walikuwa wameshamaliza mchezo wao mchana, wakapigwa. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa Nge.

Wapinzani walikuwa Omaha, na mbele ya Saia walimweka jamaa mpana kama mlango wa ghala, anayeitwa Boudreaux.

"Mzee, si mmeambiwa mlale?" Boudreaux alimwuliza walipoinama mara ya kwanza, pua kwa pua.

"Mimi sina usingizi," Saia alimjibu, na mpira ukaondoka.

Nge walipovuka mstari mara ya kwanza na kupata alama sita, uwanja wao wenyewe uliwazomea. Saia alikuwa amezomewa miji mingi, lakini hakuwahi kuzomewa nyumbani kwa kufanya vizuri. Kijana aliyepeleka mpira ule alisimama na mpira kifuani hajui afurahi au aombe radhi. Saia alimwendea akampiga kofi juu ya kofia ngumu. "Furahi, mpuuzi wewe! Umefunga!"

Wakaendelea hivyo, wakipanda na kushuka. Kocha, Lyle Brandvold, mtu mpole aliyezeeka ghafla mwaka ule, aliita mipango ya ajabu kutoka pembeni, mipango ya kukimbilia kulekule kwenye watu wengi. Ukuta ukasukuma hivyohivyo. Goti la Saia lilivimba likajaa suruali. Kila alipoinuka kutoka chini aliona anga, na kila mara aliinuka.

Zikabaki sekunde chache. Omaha walikuwa mbele kwa alama nne. Nge walikuwa wamefika yadi moja kutoka mstari wa mwisho, na walikuwa wamebakiza jaribio moja. Wakivuka, ni alama sita, mchezo umekwisha, wameshinda. Uwanja mzima ulikuwa umesimama ukipiga kelele wafungwe.

Hapo ndipo Saia alipogeuka akamwona mpigaji wa mguu anakuja mbio kutoka pembeni na kundi lake. Kocha alikuwa amewatuma wapige mpira katikati ya nguzo, kwa alama tatu.

Tatu, na wanadaiwa nne. Hata mtoto wa chekechea angejua hesabu ile inaishia wapi.

Pembeni, Kip Haldane alikuwa ameshuka kutoka kwenye vyumba vya wakubwa, amesimama nyuma ya kocha, simu sikioni.

Saia alinyanyua mkono. "Rudini!" alimpigia kelele mpigaji. "Rudini mlikotoka!"

Mpigaji akasita. "Kocha amesema..."

"Nimekwambia rudi. Sisi hatutoki."

Wale wanne wa ukuta walisogea wakasimama begani pake, mmoja baada ya mwingine, matope na jasho. Grady naye akaja akasimama nyuma yao. Saa ya kurushia mpira ilikuwa ikikimbia, na refa akawatazama pande zote mbili kama mtu aliyefumania ugomvi wa ndoa.

Kocha Brandvold alikuwa na haki ya kusimamisha mchezo. Ilitosha aunganishe mikono yake kuonyesha ishara. Haldane alikuwa akimwambia kitu sikioni, mishipa ya shingo imemtoka. Brandvold aliwatazama watu wake watano kule mbele. Kisha akavua vile vipokea sauti vyake kichwani, akampa Haldane mkononi kama anayempa mtu mwavuli amshikie, akaingiza mikono yake mifukoni.

Mpigaji na kundi lake wakarudi mbio nje.

"Grady," Saia alisema, akiinama. "Usirushe. Usifikiri. Nishike kiunoni, unifuate."

"Sawa, mzee."

Boudreaux aliinama mbele yake, anahema. "Unafanya nini wewe? Watu wako hawataki."

"Mimi nataka."

Akaurudisha mpira, akaingia chini ya kifua cha Boudreaux. Kwa muda hakuna kilichokwenda, ilikuwa kama kusukuma nyumba. Goti lilimwambia basi. Akalisikia, hakulijibu. Mguu mmoja ukasogea, wa pili ukaufuata, na nyuma yake akasikia Grady akitukana kwa sauti ya kwao Arkansas. Kisha uzito wote mbele yake ukapinduka, na wakaanguka rundo moja. Saia alipofumbua macho mstari mweupe ulikuwa chini ya tumbo lake, na Grady amelala juu ya mgongo wake, mpira kifuani, anacheka kama mwendawazimu.

Kelele zilizoshuka zilikuwa za matusi. Vikombe vya bia vilirushwa. Watu watano wa ukuta walitembea katikati ya mvua ile ya bia kuelekea chumba cha kubadilishia nguo, polepole, kofia mikononi, vichwa juu. Mlangoni shabiki mmoja alijinyoosha juu ya kizuizi, uso umemwiva.

"Msaliti! Umetuuza!"

Saia alisimama. "Nimekuuza kwa nani? Sema. Nimekuuzia ushindi, ndugu yangu. Nenda nao nyumbani."

Kilichofuata kilifuata. Wiki ile ile klabu ilitangaza kwamba haitamhitaji tena Saia, na Brandvold naye akaondoka. Grady aliitwa na klabu nyingine, akamwambia mkewe wasifungue masanduku. Mwezi wa nne Duluth walichagua wa kwanza, wakamchukua Taniela. Kwa Losaline kulikuwa na karamu na kamera za televisheni. Saia hakualikwa. Alikwenda hata hivyo, akapitia uani, akamkuta shemeji yake anahangaika na nguruwe kwenye shimo la kuokea, akakunja mikono ya shati akaanza kufukua mawe ya moto. Ni kazi ya mjomba, na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Mwandishi mmoja wa habari alimfuata kule kwenye moshi akamwuliza kama anajuta.

"Sijuti."

"Hata ukimwona dada yako analia?"

Saia alitazama juu. Losaline alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyuma na trei, anasikia. Safari hii Saia hakuinamisha macho. "Kwa machozi ya dada yangu naumia mpaka kwenye mifupa," akasema. "Na nikirudishwa kwenye yadi ile, nitasukuma."

Losaline aligeuka akaingia ndani. Ilipita miezi kabla hajamwita tena kwa jina.

Lakini siku Taniela alipotakiwa kuripoti, hakupanda ndege. Alikwenda kwa mjomba wake, akaingia bila kubisha, akasema, "Mjomba, utanipeleka. Kwa gari. Na bibi anakuja."

Ulikuwa mpango wa kichaa, na haukuwa wa kukatalika. Walimlaza Kalolaine kiti cha nyuma na mito. Oklahoma yote Taniela alikuwa amejifunika kofia usoni. Kansas ndipo akafungua kinywa.

"Ulijua ni mimi unayenipeleka huko?"

"Nilijua."

"Na ukasukuma."

"Nikasukuma."

"Mama alikuomba. Mama, mjomba! Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachagua nyumba San Antonio. Ina bwawa."

"Pole kwa bwawa."

"Sijakusamehe, ujue."

"Usinisamehe. Kasirika mpaka uchoke, haki yako. Lakini siku watu watano watakapoinama mbele yako, hutataka hata mmoja wao awe anawaza habari za mwakani."

Taniela aligeukia dirishani. Nyuma, bibi yake alianza kuimba utenzi wa kanisani, na baada ya ubeti mmoja kijana akaanza kuitikia, bado amenuna.

Waliingia Duluth asubuhi ya Mei. Upepo kutoka ziwani ulipiga uwanja wa mazoezi moja kwa moja, na wachezaji wa ukuta, majitu matano wasiowajua, walikuwa wamejipanga langoni kumpokea mtupaji wao. Saia alimshusha mama yake, akamfunika shuka mbili, akamkalisha kwenye benchi mahali ambapo angesikia vizuri.

"Kuna baridi, mjomba," Taniela alisema, meno yakigongana.

"Vaa koti," Saia akamwambia, "nenda kawasalimie watu wako."